Punje ya Kahawa Mdomoni

Nilikuwa nimeinama juu ya turubai nageuza kahawa ya maganda, jua limekolea, simu ikaita. Sipendi simu iite nikiwa kazini, na wanaonijua wanalijua hilo. Aliyepiga alikuwa mtoto wa kiume wa yule mama mshauri wa Nyakatuntu, na kabla hajamaliza kusema "shikamoo mzee" nilikwisha kuelewa, kwa sababu sauti ya mtu aliyefiwa haihitaji maneno mengi. "Mama ametutoka alfajiri," akasema. Nikasema pole, nikasema Mungu ampokee, nikarudisha simu mfukoni na kuendelea na kahawa. Mke wangu, aliyekuwa akipepeta maharage kibarazani, akasema, "Baba, hapo umegeuza mara ya tatu. Kuna nini?" Ndipo nikakaa chini.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnajua mimi si mtu wa kulia gazetini. Darasa la nne sikulimaliza. Mhariri hunisaidia nukta na mkato, lakini maneno ni yangu, na humu nimeshagombana na viongozi, na mafundi, na hata na ninyi wasomaji. Kila nilicho nacho nilikianza na baiskeli ya kuazima, nikisukuma ndizi mlimani mpaka mabega yakaota sugu. Hakuna aliyenifundisha. Hilo nimelisema kwa majivuno miaka mingi, kwenye harusi, kwenye vikao, na kwenye safu hii. Leo nitalisema kwa sauti ya chini kidogo, kwa heshima ya mama huyo.

Alikuwa muuguzi wa zahanati hadi alipostaafu, na ushauri aliuanza bila kutumwa na mtu. Wajawazito walikuwa wakija kupimwa, na wengine wakishapimwa wanabaki pale benchini, hawaondoki. Yeye akang'amua kwamba mtu asiyeondoka ana neno. Akaanza kukaa nao. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wa Kyerwa na wa Karagwe walipeleka kwake ndoa zilizoyumba, vijana walioshindikana, ndugu waliogombea mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani. Na jinsi sifa zilivyozidi kukua, ndivyo maneno yake nayo yalivyozidi kurefuka. Alikuwa na mdomo, yule mama! Akisimama kusema, hata waliokuja kugombana walisahau ugomvi wakabaki kumsikiliza. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana nami sipungukiwi.

Basi miaka minane iliyopita binti yangu wa kwanza alirudi nyumbani Bweranyange na begi moja, akiwa ametoka kwa mumewe. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilijua mume atakuja, na siku ya tatu akaja, pamoja na wazee wake wawili na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Mwanamke akirudi kwao mume humfuata, hujieleza mbele ya baba mkwe, na baba mkwe akishapiga funda la kwanza la ile pombe, neno limekwisha, mwanamke hufunga mzigo. Nilikuwa nimemwita mama wa Nyakatuntu ili mambo yaende vizuri. Yeye Mlutheri wa msimamo, rubisi haigusi, alipewa chai. Mkwe wangu alijieleza kwa unyenyekevu. Alisema mkewe amekuwa mkimya, halimi kama zamani, na yeye hajui amemkosea nini. Kisha mama akasimama. Alisema karibu nusu saa. Alisema ndoa ni shamba la migomba, na mgomba mmoja ukiinamishwa na upepo hung'oi shamba zima, bali hutafuta mti ukauegemeza. Wazee wakapiga makofi. Mimi nikapiga funda. Binti yangu wakati wote huo alikuwa jikoni akimenya ndizi za wageni. Aliitwa mwishoni kabisa, akapiga magoti, akaulizwa, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia." Akaondoka nao jioni ile, vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

Miezi minne baadaye alivuka daraja la Murongo, akaenda upande wa pili wa mpaka, akapata cherehani na kazi ya kushona sare za shule. Nilimpelekea ujumbe kwa dereva wa lori langu anayepita huko: "Mwambie asirudi kwangu mpaka awe na adabu." Jibu likarudi kwa dereva yule yule: "Mwambie baba nimesikia." Basi, tukanyamaziana. Watu wakiniuliza idadi ya watoto wangu nilihesabu kuanzia wa pili.

Muda si mrefu baada ya hapo nilikutana na yule mama stendi ya Kayanga, anasubiri basi la Bukoba. Alikuwa na begi, na daftari jipya amelishika kifuani kama msichana wa kidato cha kwanza.

"Dada, unahamia mjini uzeeni?" nikamuuliza.

"Nakwenda kusoma, waitu, kaka yangu."

"Kusoma nini, na mvi hizo?"

"Ushauri. Kuna mafunzo ya sisi tulioifanya kazi hii siku nyingi. Wenyewe siku hizi wanasema ukocha wa maisha."

"Kocha! Kocha wa timu gani, na magoti yako hayo?"

Abiria wakacheka. Naye akacheka, kisha akanipatia langu: "Timu ya wenye vichwa vigumu. Nikirudi nitakusajili, kaka, wewe utadaka. Hapo kichwani pako hapajawahi kupita kitu."

Stendi nzima ikaangua kicheko, safari hii kwa gharama yangu. Lakini sikukubali. Nikamwambia ni aibu, mtu aliyepatanisha nusu ya wilaya anakwenda kukaa kwenye dawati afundishwe na watoto. "Uzoefu wako huo unautupa wapi?" Akapanda ngazi ya basi, akanigeukia. "Siutupi. Naupeleka ukaangaliwe. Na nani ajue, huenda nikawafundisha mimi hao watoto." Nilirudi nyumbani nikaandika safu nzima ya kuwacheka watu wanaokusanya vyeti uzeeni. Wengine mtaikumbuka. Mliniandikia kunipongeza.

Alikwenda akarudi, akaenda tena akarudi, kwa muda wa miaka miwili. Katikati alikuwa akiendelea kupokea watu, na wale waliokubali alirekodi mazungumzo yao kwenye simu ili mwalimu wake ayasikilize na kumsahihisha. Mimi niliyasikia hayo kwa mbali, kama mtu anavyosikia habari za mvua ya kijiji kingine. Kilichonipeleka kwake ni mke wangu. Siku moja mwaka jana alinikabidhi chakula, akasimama mbele yangu, hakukaa. "Baba watoto, nimechoka," akasema. "Miaka yote hii naongea na mwanangu kwa simu nimejificha nyuma ya choo, kama mwizi. Nenda kwa yule mama mkaongee. La sivyo daraja la Murongo nalijua njia yake, nami nikivuka sirudi."

Nikaenda Nyakatuntu, lakini msidhani nilikwenda kushauriwa. Nilikwenda kumshitaki mke wangu. Mama akanipokea vizuri, akanipa kiti, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani na kumkaribishia mgeni, inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa. Nikachukua, naye akachukua punje moja akatia mdomoni. Nikaanza kueleza. Nilieleza adabu ya watoto wa siku hizi, nikaeleza ukaidi wa wanawake, nikaeleza baiskeli yangu ya kuazima. Nilipomaliza nikajiweka sawa kitini nisubiri ule mfano wa migomba au mwingine mpya. Haukuja. Mama anatafuna tu.

"Sasa?" nikasema. "Mbona kimya?"

"Nakusikiliza. Endelea."

"Nimemaliza."

Akatia punje nyingine mdomoni. Nikajikuta naanza upya, na safari hii maneno yakatoka na sura nyingine, ya baiskeli sikuyataja. Nilipokwama akauliza, "Kaka, unataka nini hasa?"

"Nataka aje aniombe radhi."

"Akishakuomba?"

"Yamekwisha."

"Yakishakwisha, mmekaa wawili hapo kibarazani kwako, utamuuliza nini?"

Nilifungua mdomo nikiwa na jibu kali. Kilichotoka ni, "Nitamuuliza huko anakula nini." Nikajifanya nakohoa. Mama hakunipa pole, hakunipigia makofi, alingoja kikohozi changu kiishe. Ndipo akaniambia lake. Alisema siku za mwanzo kule mafunzoni alikwenda na kiburi kweli, akijua atawafundisha. Mwalimu wao, msichana anayelingana na mjukuu wake, akawaambia kila mmoja alete shauri moja analojivunia. Yeye akaleta la kwangu, ile siku ya makofi. Akalisimulia lote, mkwe alisema hivi, wazee walisema vile, baba alisema hivi. Yule msichana akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na binti alisema nini, mama?"

"Kaka, nilitafuta jibu kichwani, sikulipata," akaniambia. "Hakusema kitu. Hatukumuuliza. Mimi niliyeianza kazi hii kwa kuwatazama wasioondoka benchini, nilimwacha mtoto jikoni. Na baadaye yule mwalimu aliposikiliza rekodi zangu aliniambia, 'Mama, katika dakika hamsini umesema wewe arobaini na mbili.' Nililia chooni, mtu mzima. Niliporudi hapa nikaanza kutumia hii." Akanionyesha punje ya kahawa. "Mgeni akiongea, naiweka mdomoni. Mpaka iishe, sisemi. Ikiisha na yeye hajamaliza, naweka nyingine."

Kisha akaniambia kwamba alikuwa ameshavuka daraja, amemwomba binti yangu msamaha, naye binti amemweleza alichokuwa amekuja kusema siku ile. Nikaruka kitini. "Alisema nini?"

"Hilo ni lake. Nikikwambia mimi, nitakuwa nimemjibia mara ya pili."

"Dada, mimi ni baba yake!"

"Ndiyo maana muulize wewe."

Niliondoka nimekasirika, hata kuaga sikuaga vizuri. Na nitawaambia ukweli, sikwenda Murongo. Mwaka mzima sikwenda. Nilimwambia mke wangu asijifiche tena nyuma ya choo, aongelee kibarazani, hilo nililiweza. Wakiongea nilikuwa nakaa karibu, nimeshika jembe bila kazi, nasikia vicheko vyao. Lakini kuichukua ile simu sikuweza. Mtu akizoea kusema hakuna aliyemfundisha, kuuliza kwake ni mlima.

Mwaka huo huo lori langu jipya lilinigomea njiani. Fundi wangu ni mzee mwenzangu, injini anazijua kwa kusikia mlio tu. Akasikiliza, akafungua, akafunga, akafungua tena, siku mbili. Lori la siku hizi lina kompyuta ndani yake, na kompyuta haina mlio. Mwisho akavua ovaroli, akasema, "Mzee, hili silijui. Nipe ruhusa nikafundishwe." Akaenda kukaa wiki tatu kwenye gereji ya kijana mmoja mjini, akarudi akalitengeneza. Nami badala ya kumcheka nilimsifu! Usiku wake nikajiuliza, kwa nini fundi anayekiri nampa mkono, na mama wa watu niliyemkuta stendi na daftari nilimwandikia kejeli? Tunaogopa dereva asiyejua alama mpya za barabarani, ila mtu anayeshika ndoa na maisha ya wenzake tunamwachia maneno aliyoyajua zamani. Na maisha yamebadilika, tusidanganyane. Matatizo ya leo yanaingia kwa simu, yanavuka mipaka, yanakaa kwenye kimya cha mtu, na shamba la migomba si jibu la kila kitu.

Msinielewe vibaya, simaanishi kila anayejiita kocha. Wapo vijana waliokaa semina ya siku tatu, wakatengeneza bango lenye picha yao wamekunja mikono, na maisha wanayowashauri watu hawajayaishi hata robo. Marehemu aliwacheka hao. Lakini aliwacheka zaidi wazee wenzake waliodhani mvi ni cheti. "Yule mtoto kuna siku atajua kwamba hajui," alikuwa akisema, "sisi ndio hatari, maana sisi tunaaminiwa." Kwa hiyo aliwakusanya washauri wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, wakunga wawili, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana kwake. Sharti ni moja: kila mmoja aje na shauri lililomwendea vibaya, bila kutaja jina la mtu, aeleze alikosea wapi, wenzake waulize. Sifa haziruhusiwi. Nilimwambia hicho ni kikao cha ajabu, watu wazima kukutana kuhesabu makosa. Akaniuliza, "Lori lako unalipeleka gereji kusifiwa?"

Tulimzika Nyakatuntu, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walijaa mpaka barabarani, na hakuna aliyehutubia kwa muda mrefu, nadhani waliona haya. Wale wa kikao cha Jumamosi walipitisha vikapu vya kahawa kwa waombolezaji. Nilikuwa nimechukua punje yangu nilipomwona mke wangu ameketi kwenye nyasi na wanawake wengine, na pembeni yake mwanamke mmoja mnene kiasi, mwenye kitenge cha kijani, anafuta macho. Ilinichukua muda kumtambua mwanangu. Alivuka daraja kuja kumzika mtu aliyewahi kumkosea, kwa sababu mtu huyo alirudi kumuuliza.

Akaja akapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hotuba nilikuwa nayo. Miaka minane nimeitunga, ina mwanzo na mwisho. Nikaitia ile punje mdomoni. Nikasema, "Mwanangu, siku ile ulikuwa umekuja kutuambia nini?"

Akanitazama aone kama namfanyia mzaha. "Baba, una haraka?"

"Sina."

Tukakaa kwenye nyasi. Akaniambia kwamba mimba yake iliharibika, ya miezi mitatu, kabla hajamwambia mtu, mume akiwa safarini, na mume aliporudi yeye aliona aibu kumwambia. Juma lililofuata alikuwa shambani na jembe. "Sikuja kuvunja ndoa," akasema. "Nilikuja kulala, baba. Nilitaka kulala kwa mama mwezi mmoja, kisha nirudi mwenyewe." Swali likanijia mdomoni, kwa nini hukusema? Punje ikalizuia, na vizuri ililizuia, maana jibu nilikuwa nalo. Alikuwa jikoni, nami nilikuwa nimeshika kibuyu.

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya watu. Wanaonijua wanasema walidhani naumwa. Nilimuuliza pia anakula nini huko, akacheka, akasema matoke kama sisi. Haya ninayaandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika baba, ila usijisifu." Najitahidi.

Wazee wenzangu, na ninyi wote mnaofuatwa na watu kwa ushauri, wahenga walisema kinolewacho hupata, na hawakusema kinolewe mara moja. Uzoefu ni mali, lakini usipouangalia unageuka kuwa mazoea, na mazoea hayaulizi. Nendeni mkafundishwe. Mkifundishwa na mtoto, kaeni kwenye dawati lake. Kikao cha Jumamosi kinaendelea, mwalimu mstaafu ndiye anayekishika, na wameniita. Kosa la kupeleka ninalo tayari, tena kubwa.

Binti yangu alifuatana nasi Bweranyange kutoka mazikoni. Amesema atakaa mwezi mmoja, cherehani yake ameiacha kwa jirani. Ninapoandika haya jua limeshapanda juu ya kahawa, na mlango wa chumba cha ndani bado umefungwa. Jirani amepita akiimba kwa sauti, nimemnyamazisha kwa mkono. Mke wangu ameuliza tumwamshe anywe uji. Nimemwambia mwache alale, sisi hatuna haraka.